Mtumbwi Mdogo wa Kuandamana na Mashua Yetu: Tununue Upi?

Maneno ya Kamati ya Mashua mbele ya mkutano wa wanachama, yamebandikwa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa shambani



Jambo lililotuita leo mnalijua. Pesa ya mihogo imeingia, na mkutano uliopita ulikubali kwamba sehemu yake inunue mtumbwi mdogo wa kuandamana na mashua ya ushirika. Tangu siku ile barazani hakuna usingizi. Wapo wanaosema tununue gogo, kwa kuwa ni rahisi. Wapo wanaosema faiba, kwa kuwa ni ya kisasa. Na mmoja, hatumtaji, anasema mtumbwi wa nini wakati watu wana miguu na maji ya ufukweni yanafika kiunoni tu. (Watu walicheka.) Kamati imeambiwa iseme inachofikiri. Basi tutasema, na nyinyi mtaamua.

Kwanza tukumbushane kazi yenyewe, maana wengi wetu hapa ni watu wa jembe, ziwa tunalisikia kwa majirani. Zamani wilaya yetu ya Biharamulo ilifika mpaka Nyamirembe na Chato, na mtu akisema anakwenda ziwani alikuwa bado yuko kwao. Mwaka 2005 Chato ikawa wilaya yake, na mwaka 2012 ikaingia mkoa mpya wa Geita. Lakini mipaka ya karatasi haikuhamisha maji. Mashua yetu inalala Nyamirembe kama zamani, na mzigo wetu unakwenda visiwani kama zamani: mihogo mikavu, maharage, mahindi, ndizi. Kurudi tunarudi na dagaa.

Sasa mashua ikiwa imejaa haigusi ufuko. Tumbo lake linaingia majini karibu mita moja, na kule visiwani kwenye vijiji vingi hakuna gati. Inabidi itie nanga mbali, pale penye kina cha kutosha, halafu kila gunia, kila mama, kila mtoto na kila tenga la dagaa linapita kwenye mtumbwi mdogo. Mashua ikifanya safari moja, mtumbwi mdogo unafanya ishirini. Watu wa pwani, kule Zanzibar na Lamu, wanacho chombo cha kazi hii na wanakiita kihori; jahazi halitembei bila kihori. Sisi huku tunasema mtumbwi tu, na pengine kwa sababu hatuna jina lake maalumu ndiyo maana tunaudharau.

Tuseme wazi: hatari ya safari zetu haiko katikati ya ziwa peke yake. Iko pia kwenye zile hatua mia moja kati ya mashua na mchanga. Katikati ya ziwa watu wametulia, nahodha yuko macho, kila mtu anaogopa. Wakiona mchanga wanasimama wote kwa mara moja, huyu anatafuta viatu, yule anamwita shemeji yake aliye ufukweni, na chombo wanachosimamia ni chembamba kuliko kitanda. Kwa hiyo swali letu leo sio "upi ni rahisi". Tuulizane: mtumbwi upi utavumilia watu wanaosimama vibaya?

Tuanze na gogo. Ndugu zetu wa Ngara watatusamehe, kwa kuwa gogo tunaliheshimu. Pale Ruvubu watu wamevushwa kwa mitumbwi ya magogo tangu mababu, na mvushaji anayeujua mto wake anakwenda na gogo mahali ambapo sisi hapa tungelia. Lakini mto na ziwa ni vitu viwili. Mtoni mvushaji anapambana na mkondo. Anataka chombo chembamba, kirefu, kinachokata maji na kufika ng'ambo kabla hakijasukumwa chini sana. Mawimbi makubwa hayapo. Ziwani hakuna mkondo wa namna ile, ila wimbi linakuja kwa ubavu, na chini ya gogo ni mviringo. Kitu cha mviringo kikisukumwa ubavuni kinazunguka, hata mtoto aliyecheza na chupa kisimani anajua.

Halafu gogo ni zito. Watu wawili hawalipandishi ufukoni, na usiku wa upepo chombo kisichopandishwa kinagongwa na mawe mpaka kinapasuka. Likijaa maji wakati linavutwa nyuma ya mashua, linakuwa kama nanga ya pili. Na jambo la mwisho juu ya gogo: mti wa kuchonga gogo lenye upana wa kufaa haupatikani tena bila kuingia msitu wa hifadhi, na sisi hatuwezi kusimama mkutanoni leo tukapanga jambo ambalo kesho litampeleka fundi wetu mahakamani.

Wanaosema boti la mpira la kujazwa upepo wamewaona watalii wakipanda kwenda Rubondo. Ni kweli lile boti ni jepesi na halipinduki upesi. Lakini fikirieni mzigo wetu. Magunia yameshonwa kwa waya, wavuvi wana ndoana, ufuko una miiba na mawe, na jua letu la saa nane linaukausha mpira ukapasuka. Aliye na karakana na pampu na mpira wa kuzibia analiweza. Sisi tuna fundi wa baiskeli mmoja. Tuliache.

Faiba ni jambo zito kidogo, hatuwezi kulipita haraka hivyo. Mwaka 2024 pale Mwanza serikali ilianza kugawa boti za faiba kwa mkopo kwa wavuvi wa ziwa hili, na tumesikia sifa zake: haziozi, hazinywi maji, hazitaki kuzibwa nyufa kila msimu, na ni nyepesi. Kama ushirika ungekuwa na pesa mara mbili ya hii, kamati ingegawanyika kwenye jambo hili. Kinachotuzuia ni mawe. Ubao ukitoboka fundi anakata kiraka, anapigilia, anaziba kwa pamba na lami, jioni mnaondoka. Faiba ikitoboka inataka dawa zake mbili za kuchanganya na kitambaa chake, na mkono unaoijua kazi hiyo, na vyote hivyo tuvifuate mjini. Tena tangu ziwa lilipojaa mwaka 2020, na tena mwaka 2024 lilipopanda kupita alama zote za zamani, kando ya maji pamejificha visiki na kuta za nyumba ambazo zamani zilikuwa nchi kavu. Mtumbwi wetu utagonga. Swali ni nani atautengeneza ukigonga.

Kamati inasema: mtumbwi wa mbao, chini uwe bapa. Urefu mita 3 na kidogo, yaani futi 11 au 12, upana katikati mita 1 na robo, ubavu wake sentimita 45. Mbele upande juu kidogo ili wimbi lisiruke ndani. Nyuma ukatwe wima, usichongoke, kwa kuwa nyuma iliyokatwa inabeba mtu anayepanda bila kuzama upande huo. Na chini, katikati, upigiliwe ubao mwembamba kutoka katikati mpaka nyuma, uwe kama mkuku mdogo, kwani bapa tupu likivutwa linatangatanga kulia na kushoto kama mbuzi asiyetaka kwenda mnadani.

Fundi mmoja alituambia watu wa ziwa wanaidharau mitumbwi bapa, kwamba ni ya kuvulia karibu na matete. Sawa, lakini sisi hatuutaki huu uvuke ziwa. Tunautaki kazi ya hatua mia moja. Bapa haitikisiki mtu akikanyaga pembeni, inafika kwenye maji ya kifundo cha mguu, na inapanda juu ya magugu maji badala ya kunasa. Magugu hayo ndugu zetu wa Ngara mnayajua: Kagera ndiyo inayoyaleta, yanapita Rusumo mbele ya macho yenu kabla ya kutufikia sisi.

Sasa hesabu, na tunaomba walimu watusahihishe. Mtumbwi wa vipimo hivyo, sehemu yake inayokaa majini ina ukubwa wa kama mita mbili na nusu za mraba. Maana yake kila kilo 25 mnazoongeza zinauzamisha sentimita 1. Wenyewe mtupu una kilo 100 hivi, basi unazama sentimita 4. Wakipanda watu wanne wazima, kilo 280, unazama nyingine 11. Jumla 15, na ubavu ni 45, kwa hiyo juu ya maji inabaki 30. Hapo ni salama. Weka makuli wawili na magunia mawili ya kilo mia mia: inabaki kama 27. Hapo pia tunapita. Lakini wakijipakia watu wanane, kama tunavyowajua wakati wa kuwahi soko, inabaki 19, na wimbi la sentimita 20 sio wimbi la kumtisha mtu yeyote ziwani, ni wimbi la kila siku.

Hatuwezi kumpa kila kuli rula. Kwa hiyo kamati inataka mstari mwekundu upakwe nje ya ubavu, shubiri moja kamili chini ya ukingo. Maji yakigusa mstari, anayefuata anangoja zamu. Hata akiwa mwenyekiti. Hata akiwa na harusi.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi: mbao inaelea, lakini mtumbwi wa mbao uliojaa maji hauwabebi watu. Unabaki umelala usawa wa maji, na kila anayeushika anauzamisha zaidi. Dawa yake ni rahisi, na tunayo majumbani. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa vizuri linanyanyua kilo 19 hivi. Madumu sita yananyanyua zaidi ya kilo 110. Na mtu aliyezama mpaka shingoni akishikilia ukingo hahitaji kubebwa mwili mzima, anahitaji kilo chache tu za kumshikilia pumzi yake. Madumu sita yanawatosha watu sita na zaidi wakitulia. Lakini yafungwe juu, chini ya viti, pembeni kulia na kushoto, kwa kamba isiyolegea. Ukiyaweka sakafuni katikati, mtumbwi ukijaa maji yatataka kupanda juu na yataupindua. Tumeona mahali madumu yamewekwa kwa namna hiyo, na waliofanya hivyo walidhani wamejikinga.

Makasia. Hapa ndipo ushirika mwingi unapobana pesa: mtumbwi mzuri, makasia ya kuazima. Tunataka makasia mawili yenye vishwara vya kamba imara, na kafi moja la akiba lililofungwa ndani siku zote. Upepo wa ziwa letu mchana unatoka majini kuja nchi kavu, na usiku mpaka alfajiri unatoka nchi kavu kwenda majini. Kwa hiyo mtu aliyepoteza kasia saa kumi na moja alfajiri haletwi nyumbani na upepo. Anapelekwa.

Wazee wetu wa jirani, wa kisiwa cha Bumbire kule Muleba, walijua thamani ya kasia kuliko sisi. Aprili 1875 Stanley alipofika hapo na mashua yake Lady Alice, ile iliyobebwa vipande vipande vichwani mwa watu kutoka pwani, watu wa Bumbire waliivuta ufukoni wakachukua makasia. Hawakuhitaji kuchukua kitu kingine. Stanley na watu wake walitoroka kwa kung'oa mbao za mashua yao wenyewe na kupigia kasia. Agosti mwaka huo huo alirudi na mitumbwi mingi na bunduki, akawapiga risasi watu wa Bumbire waliokuwa ufukoni, na damu ile haikuwa na sababu. Hilo ni somo jingine, tutalisema siku nyingine. La leo ni kwamba mashua bila kasia ni ya yule aliyelishika.

Juu ya kuvuta. Nahodha amesema, na kamati inamwunga mkono: kamba mbili, sio moja, kila moja imefungwa mahali pake. Ile ya mbele ya mtumbwi ifungwe chini, karibu na maji, ili pua ya mtumbwi inyanyuke ikivutwa; ukiifunga juu inainama na kunywa maji. Kamba iwe ndefu, mtumbwi na mashua vipande wimbi kwa pamoja. Upepo ukitoka nyuma, mtumbwi utateleza uje kuigonga mashua kwa kisogo. Hapo ongeza kamba, na funga ndoo nyuma ya mtumbwi iburute. Makasia yatolewe, yalazwe ndani ya mashua. Na mtu asikae kwenye mtumbwi unaovutwa, hata mtoto anayependa mchezo huo. Hasa mtoto.

Akina mama walikuja kwenye kamati na neno lao, na neno lao ni bora kuliko yote tuliyosema. Walisema: nyinyi mnapima magunia, sisi tunapanda na watoto mgongoni. Mtumbwi ukipinduka, mama aliyefunga mtoto kwa kanga hawezi kumfungua majini. Wanakwenda wote wawili. Kwa hiyo mtoto afunguliwe kabla mama hajakanyaga mtumbwi, apokewe na mtu aliyekwisha kaa, na mama akae kwanza ndipo apewe mwanawe. Kiti cha katikati kiwe kipana na cha chini, kwa kuwa anayekaa chini hauyumbishi mtumbwi. Fundi ameambiwa, na kiti hicho kimeingia kwenye vipimo.

Walisema pia juu ya maboya ya kuvaa. TASAC wakikagua vyombo wanayaangalia, na mkaguzi akija tunayavaa. Ziwa halina siku ya ukaguzi. Maboya yatakaa ndani ya mtumbwi mdogo, sio kwenye sanduku la mashua lenye kufuli.

Kuna aliyeuliza kwa nini tutumie pesa yote hii kwa kitu kidogo. Tunamjibu kwa jambo lililotokea mkoani kwetu, ambalo kila mtu hapa alilisikia. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilianguka ziwani Bukoba, karibu kabisa na uwanja. Ndani walikuwamo watu 43. Waliotangulia kufika ni wavuvi na mitumbwi yao midogo. Kijana Majaliwa Jackson alijulikana taifa zima siku ile, kwa kupambana na mlango wa ndege kwa kasia lake. Watu 24 waliokolewa, 19 walifariki. Mitumbwi ile haikujengwa kwa ajili ya ndege. Ilikuwa majini, ilikuwa mizima, ilikuwa na makasia ndani, na ilikuwa na watu wanaojua kuitumia. Mashua yetu ikipata shida, Mungu apishe mbali, hakuna chombo kingine kitakachokuwa karibu zaidi ya hiki tunachobishania.

Kuhusu mbao: mvule ni bora ukipatikana kwa kibali, mninga pia. Misindano inaruhusiwa kwa viti na sakafu tu, sio kwa chini ya mtumbwi, inaoza upesi. Misumari iwe ile isiyoshika kutu. Mkiona fundi analeta misumari ya kawaida ya paa, msimamisheni kazi na mtuletee habari. Mbao zikae kivulini zikauke vizuri kabla hazijapigiliwa, hata kama vijana watanung'unika kwamba tunachelewa.

Kura itapigwa Jumamosi, saa nne asubuhi, hapa hapa ofisini. Fundi atakuwepo na futi yake, na nahodha ataleta kamba ili kila mtu aone urefu wake. Wakati huo huo, mwenye dumu tupu la lita 20 lisilovuja, lenye kifuniko chake, alilete kwa katibu kabla ya Ijumaa jioni. Tunahitaji sita na mawili ya akiba. Yaliyowahi kutiwa dawa ya pamba msituletee, kwa sababu watoto watakunywa maji kwayo siku yatakapofunguliwa.

Kamati ya Mashua